Soko la Kibuye na Nguo za Ofisini

Kwa mfanyakazi wa ofisini anayeishi Kisumu, na ambaye mshahara wake haumruhusu kununua nguo ya kuvaliwa mara mbili na kutupwa, sijaona mahali panapomfaa kuliko Soko la Kibuye, hasa siku ya Jumapili wakati wauzaji wa mitumba wanapojaa hadi kando ya barabara. Nimenunua nguo zangu za kazi pale kwa miaka mingi, na kwa kuwa majukumu yangu ni pamoja na kuwapokea vijana wanaoanza ajira, wengi wao nimewaelekeza huko. Swali wanaloniuliza halibadiliki: wavae nini ili wasionekane wamepotea njia? Kwa hiyo tathmini hii haihusu urahisi wa bei peke yake. Nimelipima soko kwa swali lao, yaani kama mtu anaweza kuingia pale Jumapili akatoka na nguo zitakazomsitiri na kumheshimisha Jumatatu.

Kanuni zilizoandikwa hazimsaidii sana kijana huyo. Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya mwaka 2003, iliyofutwa mwaka 2025, ilimtaka afisa wa umma adumishe kiwango kinachofaa cha mavazi na usafi, lakini haikueleza kiwango hicho ni kipi. Bunge la Taifa limekuwa wazi zaidi: mnamo Novemba 2023 Spika Moses Wetang'ula alipiga marufuku bungeni suti za Kaunda, zile zinazovaliwa bila tai, akaeleza kwamba mwanamume anatakiwa kuvaa koti, shati la mikono mirefu lenye kola, tai, suruali ndefu, soksi na viatu, na kwamba sketi au rinda la mwanamke lipite magoti, na blauzi isikose mikono. Ofisi nyingi za huku kwetu hazina maelezo ya kina namna hiyo. Desturi ndiyo inayotawala, na desturi mtu huisoma kwa macho. Mimi huwashauri vijana wamtazame mwenzao anayeketi na wateja au wageni kila siku, si mkuu wa idara, kisha wavae karibu naye kwa mwezi wa kwanza. Karani wa benki atahitaji tai; wakili atahitaji suti nyeusi na shati jeupe; afisa wa shirika la maendeleo ambaye asubuhi yuko ofisini na alasiri yuko vijijini, Nyando au Seme, atahitaji suruali ya kitambaa imara, shati lenye kola na viatu visivyoogopa tope.

Kanuni zote hizo, hata hivyo, hazigusi jambo ambalo kwa Kisumu ndilo kubwa kuliko yote, nalo ni joto. Koti linalomfaa mtu wa Nakuru, mji ulio zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ni mateso kwa mtu anayefanya kazi kando ya Ziwa Victoria, kwenye kimo cha mita 1,130 hivi, ambako nyuzijoto 30 mchana si jambo la ajabu. Si kila ofisi ina kipoza hewa, na hata iliyo nacho haimwokoi mfanyakazi aliyetembea kutoka kituo cha matatu. Niliwahi kununua suti mpya katika duka moja la mjini, suti iliyokaa vizuri mbele ya kioo, ambayo muuzaji alinihakikishia kuwa ni sufu; kufikia saa tano asubuhi mgongo ulikuwa umelowa, na kabla ya mwaka kwisha viwiko vilikuwa vinang'aa kama sahani. Ilikuwa poliesta tupu. Poliesta hainyonyi jasho. Hulifungia kati ya mwili na nguo, na mtu aliyelowa kwapani mbele ya mteja haonekani nadhifu hata kama tai yake imefungwa kwa ustadi.

Hapo ndipo Kibuye inapoyashinda maduka mengi ya nguo mpya za bei ya wastani. Ndani ya marobota yanayofunguliwa pale mna mashati ya pamba halisi, suruali za sufu nyepesi zisizojikunja ovyo, blauzi za viskosi (kitambaa laini kitokanacho na mti) na makoti ya kitani, vitambaa ambavyo vikiwa vipya vingegharimu fedha ambazo kijana wa ajira ya kwanza hana. Mtu asiyevijua vitambaa, lakini, ataondoka na poliesta ileile aliyoikimbia mjini. Lebo ya ndani, ambayo kwa kawaida huwa ubavuni upande wa kushoto au nyuma ya shingo, husema yote, na pale ilipokatwa upo ujuzi wa kale wa mafundi: unachomoa uzi kwenye pindo na kuuchoma kwa kiberiti. Uzi wa pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Uzi wa sufu hunuka nywele zilizoungua. Uzi wa poliesta huyeyuka na kuganda kuwa punje ngumu nyeusi. Muuzaji mwenye mali nzuri hakatazi jaribio hilo ukimwomba kwa heshima. Kuhusu rangi, nimejifunza kuyaepuka mashati ya kijivu na ya samawati ya wastani, kwa sababu hayo ndiyo yanayoonyesha jasho kuliko mengine. Nyeupe, na buluu iliyokolea sana, huficha zaidi.

Koti linahitaji subira kubwa kuliko vazi lingine lolote. Ligeuze ndani nje kabla ya kuuliza bei. Ukikuta bitana imefunika mgongo wote, jua kwamba umeongeza tabaka la poliesta chini ya kitambaa kizuri. Tafuta lile ambalo bitana yake inaishia mabegani na kwenye mikono. Kisha angalia mabega yenyewe, kwa kuwa hiyo ndiyo sehemu ambayo fundi wa kawaida hawezi kuirekebisha bila kuliharibu koti. Mshono wa bega ukivuka bega lako, lirudishe hata kama bei inakuvutia. Kiuno hupunguzwa na mikono hufupishwa, ingawa koti ambalo vifungo vyake vya mkononi vinafunguka kweli huwa gumu kufupishwa. Namba za vipimo huwachanganya watu wengi: koti la Italia lililoandikwa 48 ni sawa na 38 ya Uingereza, na rinda lililoandikwa 12 kwa kipimo cha Uingereza ni 8 kwa kipimo cha Marekani. Kwa hiyo mtu anayetafuta namba moja tu kwenye kila rundo huzipita nguo zinazomfaa bila kujua.

Kwa upande wa wanawake nitasema zaidi, kwa sababu sisi ndio tunaohukumiwa zaidi kwa mavazi ofisini na ndio tunaopewa maelekezo machache yenye manufaa. Urefu wa sketi upimwe ukiwa umeketi, kwani sketi inayogusa goti ukiwa umesimama hupanda juu mara tu unapokaa mbele ya meza ya mkutano. Mfanyabiashara mwenye kigoda atakuruhusu ukalie, mwombe. Jambo la pili ni bodaboda. Wengi wetu tunafika kazini kwa pikipiki, na sketi nyembamba yenye mpasuo mfupi, ambayo ofisini ni ya heshima kabisa, humlazimu mwanamke aketi upande mmoja akiwa ameshika kiti kwa mkono mmoja, hali ambayo ni ya hatari, au aipandishe sketi mbele ya kituo kizima. Sketi iliyopanuka kidogo kuanzia kiunoni, au suruali ya kitambaa kinachoanguka vizuri, ndiyo nguo ya ofisi kwa mwanamke wa Kisumu, na namshauri kila kijana aanze na hizo. Jambo la tatu ni wepesi wa kitambaa: blauzi ya viskosi inayoonekana nzito chini ya turubai la kibanda inaweza kuwa inaonyesha mwili kabisa kwenye mwanga wa dirisha. Inyanyue, itazame dhidi ya jua, uweke mkono wako ndani. Ukiuona mkono, nunua na kamisi au uiache.

Upungufu wa soko la wazi upo, na hauwezi kufichwa na bei nzuri. Kama ilivyo katika masoko mengi ya mitumba nchini, mtu hujaribu nguo juu ya nguo, na kioo, kikiwapo, huwa kipande kidogo. Wanaume hupima suruali kwa kuzungusha kiuno chake shingoni, njia ambayo hufanya kazi kwa wengi wao lakini haimsaidii mwanamke mwenye nyonga pana. Mimi huenda nikiwa nimevaa sketi pana na fulana inayobana, nikiwa na leso mkobani, na mara nyingi mama muuzaji huishika leso hiyo kunizunguka huku akiwafokea wapita njia, fadhila ambayo ninaithamini sana. Mwanamke hastahili kutegemea fadhila kwa jambo kama hilo. Chumba kidogo cha mabati chenye pazia, hata kikiwa cha kulipia shilingi chache, kingeongeza mauzo ya nguo za ofisini kuliko tangazo lolote, na ningependa sana wanaopanga masoko yetu, Kibuye na kwingineko, walifikirie hilo kwa uzito.

Bei ni za kuelewana. Kwa kawaida shati zuri la ofisini hupatikana kwa shilingi 200 hadi 400, suruali kwa 300 hadi 600, na koti kutoka 500 kwenda juu, kutegemea kitambaa na saa uliyofika. Nguo za kwanza kuchaguliwa robota linapofunguliwa, zile wanazoziita kamera, huwa ghali zaidi, nazo ndizo zinazofaa ofisini kwa sababu kola na mapindo ya mikono yake hayajachakaa. Zinazobaki jioni na kuuzwa kwa bei ya kufagia huwa ni za kuvaliwa nyumbani. Fika asubuhi. Mwite muuzaji mama au kaka, msalimie kabla ya kuanza kufumua rundo lake, na umweleze kuwa unatafuta nguo za kazi. Akikufahamu, Jumapili inayofuata atakuwa amekuwekea mbili tatu kando.

Hata hivyo, nguo uliyoinunua bado haijawa ya ofisini hadi fundi aiguse, na ni huduma ya mafundi, zaidi ya marundo yenyewe, inayonifanya niipe Kibuye alama za juu. Wapo mafundi wa cherehani sokoni na pembezoni mwake ambao kazi yao kubwa ni kurekebisha mitumba. Yule ninayemtumia ni mzee asiyependa haraka. Huigeuza nguo, hutazama ndani ya mshono wa nyuma wa suruali kuona kama mna kitambaa cha akiba cha kutosha kupanua kiuno, hutazama pindo la chini kuona kama linaweza kuteremshwa, na kama haiwezekani hukwambia waziwazi badala ya kuchukua fedha zako. Amewahi kunikataza kufupisha urefu wa koti moja akisema mfuko wake ungeonekana umeshuka mno, na nilipolivaa nikaona alivyosema kweli. Kupunguza suruali chini hugharimu kama shilingi 100, kubana kiuno ni zaidi kidogo, na tofauti inayotokea haipimwi kwa fedha hizo: shati la shilingi 250 lililobanwa ubavuni na kupigwa pasi vizuri huonekana la heshima kuliko suti ya maelfu inayoning'inia. Mpelekee nguo ikiwa imefuliwa kwanza, kwa kuwa pamba na viskosi huweza kuruka, yaani kusinyaa, majini, na nguo iliyopimwa kabla ya kufuliwa hurudi ikiwa fupi.

Nakiri kuwa kuna huzuni ndani ya sifa hizi. Kisumu ilikuwa na kiwanda chake cha nguo, KICOMI (Kisumu Cotton Mills), kilichoanguka katika miaka ya 1990, kipindi hichohicho ambacho mitumba ilifurika nchini baada ya soko kufunguliwa. Ninaponunua shati la pamba lililoshonwa ng'ambo katika mji uliozungukwa na ardhi inayoweza kuotesha pamba, nalifahamu hilo. Ndiyo maana siku ya Ijumaa, ambayo mwaka 2019 Rais Uhuru Kenyatta aliagiza watumishi wa umma wavae mavazi yaliyotengenezwa Kenya, mimi huvaa nguo ya kitambaa cha Rivatex ya Eldoret, kiwanda alichokifungua upya mwaka huohuo, iliyoshonwa na fundi yuleyule. Wenzangu wengi huitimiza Ijumaa kwa kitenge. Kitenge kinapendeza na ofisi nyingi zinakikubali, ila vitenge vingi vinavyouzwa madukani kwetu vimechapwa nje ya nchi, na anayejali agizo hilo afadhali aulize kitambaa kimetoka wapi kabla ya kukatiwa.

Wapo ambao sitawaelekeza Kibuye. Mtu aliyeitwa usaili Jumanne na leo ni Jumapili asitegemee kupata suti kamili yenye koti na suruali za kitambaa kimoja zinazomkaa, kwa maana mitumba mara nyingi huja vipande vipande, na buluu mbili zinazofanana chini ya turubai huonekana kuwa rangi tofauti ndani ya ofisi. Huyo na avae suruali nyeusi na koti la rangi iliyo wazi kuwa ni nyingine, au aazime. Wakili anayehitaji suti nyeusi ya mahakamani ya kila siku afadhali anunue kitambaa cha sufu nyepesi na kumpa fundi aishone upya, kazi ambayo mafundi wazuri huitaka wiki mbili au zaidi, na mwezi mzima inapokaribia Krismasi. Viatu navyo mimi sinunui pale kwa ajili ya kazi: ngozi iliyokaa muda mrefu ghalani huonekana nzima hadi mvua ya kwanza ya alasiri, kisha soli huachia.