Boksi Jekundu Linaloniambia Nisikasirike

Nianze kwa kukiri: mimi ni msusaji. Nimesusa drafti, nimesusa karata, na siku moja nilisusa mchezo wa kubahatisha maneno ambao mimi mwenyewe ndiye niliyewang'ang'aniza watu waucheze. Kwa hiyo niliponunua mchezo wa ubao uitwao "Mensch ärgere Dich nicht" sikuvutiwa na ubao wala kete. Nilivutiwa na jina. Kwa Kijerumani ni kama kusema "Ewe mwanadamu, usikasirike", nami nikajisemea kwamba aliyeutunga alinijua kabla sijazaliwa.

Aliyeutunga ni Josef Friedrich Schmidt wa Munich, kati ya mwaka 1907 na 1908, na mwaka 1914 ukaanza kutengenezwa kwa wingi. Vita Kuu ilipoanza alipeleka seti 3,000 kwenye hospitali za kijeshi ili majeruhi wapate cha kufanya wodini. Picha hiyo hainitoki kichwani: askari amelala na bandeji hadi kiunoni, mwenzake wa kitanda cha pili anamlia kete, na boksi limewekwa katikati yao likimwambia asikasirike.

Kama umecheza Ludo, nusu ya kazi umeimaliza. Michezo yote miwili ni wajukuu wa pachisi ya India, na Ludo ilisajiliwa Uingereza mwaka 1896, kwa hiyo Schmidt hakuanza na karatasi tupu. Alichofanya ni kupunguza. Njia ina vituo 40, kila mchezaji ana kete nne, unahitaji sita ya dadu ili uingize kete, na ukipata sita unarusha tena. Hakuna nyumba ya kujihifadhi njiani. Popote ulipo unaliwa, na ukiliwa unarudi mwanzo kabisa kusubiri sita nyingine. Kete yako ikiwa imeshatembea vituo 38 na binti wa darasa la tatu akaidondokea, umepoteza mirusho kumi na moja hivi ya dadu, na unatakiwa utabasamu kwa sababu ni mtoto.

Nimeupima kwa kipimo kimoja tu, na ndicho nitakachokitumia hapa: mtu akisusa, je, mchezo unabaki hai?

Nimekifikia kipimo hiki kwa sababu nina mazoea ya kukusanya visa vya watu waliosusa kwenye hadithi na televisheni. Wengine hukusanya stempu. Na katika visa hivyo vyote, mchezo unakufa palepale. Chukua Iliad, utenzi wa kale wa Wagiriki kuhusu vita vya Troy. Mzimu wa Patroclus aliyeuawa vitani unapomtokea rafiki yake Achilles usiku, katikati ya mambo mazito ya mazishi, unamkumbusha kilichowakutanisha: Patroclus akiwa bado mtoto alimuua mwana wa Amphidamas kwa hasira za mchezo wa vifupa, hao ndugu wa kale wa dadu. Anasema hakukusudia. Ikabidi baba yake amtoroshe hadi nyumbani kwa Peleus, baba yake Achilles, na huko ndiko urafiki ulikoanzia. Kwa hiyo chini ya huzuni yote ile ya mwisho kuna watoto wawili waliokuwa wakirusha vifupa, na mmoja akashindwa kuvumilia.

Wafaransa wa Zama za Kati nao wana chao. Katika hadithi ya wana wanne wa Aymon, Renaud anacheza sataranji na Bertolai, mpwa wa mfalme Charlemagne. Wanagombana, Renaud anamtwanga kwa ubao wa sataranji wenyewe, na Bertolai anakufa. Kutoka hapo ni kukimbia, vita na mfalme, na farasi wa ajabu anayebeba ndugu wote wanne. Nikisoma kisa hiki huwa natazama ubao wangu, ambao ni karatasi ngumu ya kukunja, na kushukuru. Kwa upande wa usalama bidhaa hii naipa alama zote.

Ninayempenda kuliko wote ni Malkia wa Kopa katika Alice's Adventures in Wonderland, kitabu cha mwaka 1865. Wanacheza kroki: wanagonga mipira ambayo ni kalunguyeye, kwa fimbo ambazo ni ndege aina ya heroe, ipite chini ya matao ambayo ni askari walioinama. Malkia kila akiudhika anaamuru mtu akatwe kichwa. Sasa, anayekamatwa anahitaji askari wa kumlinda, na askari ndiyo hayo matao, kwa hiyo kila hukumu inang'oa tao uwanjani. Nusu saa haijaisha vizuri, matao hakuna, na wachezaji wote wako chini ya ulinzi isipokuwa Mfalme, Malkia na Alice. Sijaona popote maelezo bora zaidi ya hasira inavyoula mchezo vipande vipande. Huyu hakupindua meza. Aliendelea kucheza mpaka pakawa hapana cha kuchezea.

Kwenye televisheni mambo ni mepesi zaidi, na kishindo ni kikubwa zaidi. Familia ya The Simpsons mwaka 2002 walikaa kucheza Monopoly, mchezo wa kununua mitaa na kujenga hoteli, baba Homer akagundua hoteli za mwanawe Bart ni vipande vya Lego, na usiku ule wakaulala mahabusu. Katika Seinfeld ya mwaka 1995, Kramer na Newman wanasafiri kwa treni ya chini ya ardhi na ubao wao wa Risk, mchezo wa kuteka nchi, wanajadili jinsi Ukraine ilivyo dhaifu, na abiria aliyekaa karibu, ambaye ni mtu wa Ukraine, anausambaratisha ubao kwa ngumi. Yule bwana hata kete hakuwa nayo! Ndiye msusaji pekee ninayemjua aliyesusa mchezo wa wengine. Halafu yupo Chewbacca, lile jitu lenye manyoya katika filamu ya Star Wars ya mwaka 1977, ambaye mchezoni hakuhitaji kufanya lolote. Mwenzake Han Solo alieleza tu kwamba jamaa wa kabila lake wakishindwa hung'oa mikono ya watu, na ushauri ukabadilika hapohapo: mwacheni ashinde. Kila ukoo una mtu wa namna hiyo, na wote tunajua anakaa kiti gani.

Sasa kasoro ya visa hivi, naisema kama mtu wa ndani ya chama: vinaonyesha msusaji wa aina moja tu, mwenye kishindo. Nyumbani kwa kaka yangu, ambako ndiko nilikoufanyia mchezo huu majaribio kwa miezi kadhaa, wa namna hiyo ni kaka peke yake. Wifi yangu hajawahi kupindua kitu. Kete yake ikiliwa mara ya tatu, anaegemea kiti, anatazama kucha zake, anasema, "Endeleeni tu." Maneno mawili. Baada ya hapo dadu ikifika kwake anairusha kama mtu anayetupa ganda la ndizi, na kete anaisogeza bila kuitazama. Kamera ya televisheni ingepiga picha gani hapo? Mwanamke ametulia mezani. Lakini chumba chote kimeshapoa, na binti yao anaanza kuniuliza kwa sauti ya chini, "Shangazi, mama amenuna?"

Hapo ndipo boksi hili jekundu linapoanza kustahili pesa yake. Katika sataranji, aliyesusa moyoni ameshauharibu mchezo, kwa sababu akili yake ndiyo iliyokuwa inacheza. Katika Monopoly akiondoka na hati zake mmebaki na mji wenye mapengo. Huku, dadu haijali kama umenuna. Wifi anarusha kwa dharau, anapata sita. Anarusha tena kwa dharau, sita nyingine. Kete yake aliyoisahau inamla kaka, na kucha zinaachwa. Nimeona hili likitokea si chini ya mara nne: mtu amesusa kabisa, na bahati inamfuata hukohuko alikosusia na kumrudisha. Wanaoudharau mchezo huu husema hauna akili yoyote ndani yake. Ni kweli, na hiyo ndiyo dawa yake. Ukishindwa hakuna wa kukuita mjinga.

Hata anayeondoka kimwili haui kitu. Mtu yeyote anaweza kumrushia. Siku moja kaka alitoka kwenda kupokea simu ambayo sote tulijua haikuita, tukamrushia mizunguko mitatu, akarudi akakuta ana kete mbili nyumbani. Alikaa bila kusema neno. Kwenye Ludo za simu pia, mtu akifunga programu kwa hasira, mara nyingi kompyuta humshikia nafasi, lakini kompyuta haikutazami usoni ukirudi.

Wapo waliolishughulikia tatizo hili kwa njia nyingine. Mwaka 2020 kampuni ya Hasbro walitoa Monopoly ya wasiokubali kushindwa, ambamo ukilipa kodi ya mtu au ukienda jela unapewa sarafu za pole, na zikitosha unazitumia kujitawalia mchezo kwa muda. Wazo la kuchekesha, na ufundi wake naukubali. Ila mimi kama mhusika nahisi nimebembelezwa. Schmidt hakubembelezi. Anakula kete yako na kukuambia usikasirike, basi.

Kasoro za kweli zipo. Kubwa ni mwanzo. Kama huna kete njiani unapewa mirusho mitatu kila zamu kutafuta sita, na inasikika kama ukarimu mpaka ukae na kalamu. Uwezekano wa kukosa yote mitatu ni 125 kati ya 216, yaani karibu asilimia 58. Kukaa zamu tatu nzima bila kuingiza hata kete moja ni karibu asilimia 19, na mkiwa wanne, katika zaidi ya nusu ya michezo kutakuwa na angalau mmoja wenu aliyepatwa na hilo. Huyo anasusa kabla hajacheza. Sisi tumebadilisha: kila mtu anaanza akiwa na kete moja njiani tayari. Tangu tufanye hivyo amani imeongezeka, na binti hajalia tena kabla ya zamu ya kwanza kwisha.

Kasoro ya pili ni urefu. Wanne waliokomaa katika kulana wanaweza kuvuka saa moja, na dakika ishirini za mwisho huwa ni watu wawili wanaohangaika kutafuta moja kamili huku wengine wakipiga miayo. Hapo hunijia Friends, kile kipindi cha mwaka 1996 cha mpira uwanjani: Monica na nduguye Ross wamelala chini wakivutana mpira, theluji inaanza kuanguka, na wenzao wote wameshaingia ndani kula. Kombe lenyewe la familia baba yao alilitupa ziwani miaka iliyopita baada ya Monica kumvunja Ross pua. Hakuna aliyesusa, na hiyo ndiyo taabu yenyewe. Tumekubaliana wa kwanza akimaliza mchezo umekwisha. Anayetaka nafasi ya pili aitafute kesho.

Kuhusu vifaa nitasema kwa ufupi. Kete za toleo langu ni za mbao, zinashikika vizuri, ingawa zinaviringika mbali ubao ukitikiswa, na nitaeleza nimejuaje. Upande wa pili wa ubao kuna njia ya watu sita, ambayo tumeijaribu mara moja na hatutarudia. Kanuni zilikuwa kwa Kijerumani, michoro ilitosha.

Naupa nyota nne. Ya tano niliikata kwa ajili ya zile zamu za mwanzo. Wanunue wenye watoto wa miaka sita kwenda juu, na wenye ndugu kama wangu. Wasinunue wanaopenda kujiona wana mbinu. Na yule anayependa kuwaambia wenzake "asiyekubali kushindwa si mshindani" asinunue pia, maana nimefuatilia, methali hiyo sijawahi kuisikia ikitoka mdomoni mwa aliyeshindwa.

Kuhusu kete kuviringika: mwezi uliopita binti alimla baba yake akiwa amebakiza kituo kimoja aingie nyumbani. Kaka hakupindua ubao, aliinuka tu kwa ghafla na goti likaugusa. Ndivyo anavyoeleza yeye. Kete 15 tuliziokota, moja nyeusi mpaka leo haijaonekana, hata chini ya kabati. Binti akaenda chumbani, akarudi na kifungo cha shati la kazini la baba yake, bado kina uzi, akakiweka mahali pa kete iliyopotea. Tangu siku hiyo kaka ndiye anayecheza nyeusi, kwa amri ya mtoto. Jumapili iliyopita kifungo kile kilinila mara mbili, na mara ya pili nilikwenda jikoni kunywa maji ambayo sikuwa na kiu nayo. Niliporudi, wifi alikuwa ameshanirushia. Tatu.