Kiboksi cha kuoteshea mboga ndani: nimekitumia kiangazi kizima hapa Dodoma

Kwanza bei, maana ndilo swali la kila anayepita barazani kwangu: shilingi 185,000 dukani Kariakoo, nauli ya basi juu yangu. Nilikipokea stendi ya Nanenane mwishoni mwa Aprili, mvua zikiaga. Ndani mna tangi la plastiki la lita nne na nusu, mfuniko wenye matundu 12, kipampu cha kuzungusha maji, taa ya LED kwenye mlingoti unaopanda na kushuka, vikapu vidogo, sponji za kusia mbegu, na chupa mbili za mbolea, A na B. Udongo hakuna kabisa. Mizizi inaning'inia ndani ya maji yenye mbolea. Jina la kampuni siliandiki kwa sababu viboksi hivi vingi ni vilevile, vinabadilishiwa stika tu.

Juu ya boksi kuna picha ya jiko la Kizungu lenye theluji dirishani. Itazameni vizuri picha hiyo kabla ya kutoa hela. Kifaa hiki kimebuniwa kwa ajili ya watu wa huko: London mwezi Desemba mchana una urefu wa kama saa 8 tu, Oslo unakaribia saa 6, na bustani ya nje imelala kwa baridi. Anayetaka saladi mbichi Januari inabidi ajitengenezee jua chumbani. Ndiyo maana taa yake inawaka yenyewe kwa muda wa saa 16 na kuzimika kwa muda wa saa 8, kila siku.

Sisi tuko nyuzi 6 hivi kusini mwa ikweta. Siku ndefu kuliko zote na fupi kuliko zote hapa Dodoma zinapishana kama dakika 40 tu. Jua tunalo la kumwaga. Tunachokosa ni maji. Mvua zetu ni za Desemba mpaka Aprili, kama milimita 570 kwa mwaka mzima, kisha ni ukame mpaka Novemba. Kipupwe cha Juni na Julai kinakuja na upepo mkavu unaokausha tuta ulilonywesha asubuhi kabla adhuhuri haijafika. Sokoni Majengo fungu la mchicha linazidi kukonda na bei haikondi. Wagogo walishalimaliza suala hili kwa njia yao: mlenda unachumwa masika, unaanikwa, unatwangwa, unaliwa mpaka mvua nyingine. Ila mtu ukizoea kachumbari na majani mabichi, mlenda mkavu peke yake miezi saba ni shughuli.

Kwa hiyo nilikijaribu kwa namna mbili: kwanza sebuleni na taa yake, kama kitabu cha maelekezo kinavyotaka, halafu barazani bila taa.

Sebuleni kilifanya kazi, sikatai. Saladi iliota haraka na ilikuwa laini, giligilani ilinukia nyumba nzima. Lakini tupige hesabu ya LUKU. Taa ni wati 24; ikiwaka saa 16 kwa siku, kwa mwezi inakula uniti 11 na nusu hivi. Kwa sisi tunaonunua uniti kwa shilingi 356, hiyo ni kama shilingi 4,100, yaani mafungu manane ya mchicha ya mia tano mia tano kabla hujala jani moja la kwako. Aliye kwenye bei nafuu ya watumiaji wadogo naye aangalie asisukumwe juu ya uniti 75 za mwezi kwa ajili ya saladi. Tena umeme ukikatika, saa ya taa inaanza kuhesabu upya kuanzia dakika umeme unaporudi. Ndivyo unavyojikuta saa tisa usiku sebule inawaka zambarau kama ukumbi wa harusi.

Mama mkwe alikuja kutoka Mpwapwa, akakaa mbele yake akakitazama weee, kisha akaniuliza, "Mwanangu, hii mboga mnakula au mnaitazama?"

Nikang'oa mlingoti, nikakihamishia barazani. Hapo ndipo kilipoanza kustahili bei yake. Muhimu ni kuchagua upande. Wakati wa kipupwe jua letu linapita kaskazini, kwa hiyo baraza inayotazama kaskazini inapigwa na jua mchana kutwa, na ikifika Desemba jua limehamia kusini. Saladi haitaki kuungua hivyo. Baraza ya mashariki, inayopata jua la asubuhi mpaka saa nne au saa tano kisha kivuli, ndiyo niliyoona inafaa kuliko zote. Kama baraza yako iko wazi, tundika neti ya kivuli; inauzwa kwa mita kwenye maduka ya pembejeo. Majani yalikuwa mafupi kidogo kuliko ya sebuleni, lakini magumu zaidi na yenye ladha.

Kuhusu maji, hapa kifaa kimenikuna kweli. Maji hayapotei ardhini wala hayakaushwi na upepo, kwa sababu yamefunikwa. Yanayopungua karibu yote yamenywewa na mmea. Saladi zikiwa changa unaweza kusahau kuongeza kwa juma zima. Zikishiba, unaongeza kila baada ya siku mbili tatu, na kwa mboga za matundu yote 12 hilo ni jagi, si ndoo. Kwa nyumba inayopata maji kwa mgao, hiyo si tofauti ndogo.

Ila si maji yoyote tu. Maji ya mji huu kwa sehemu kubwa yanatoka visima vya Mzakwe, na mwenye birika la umeme anaijua ile gamba nyeupe inayoganda ndani. Chokaa hiyo inapandisha pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji (ikipanda, uasidi unapungua), wakati mboga za majini zinataka pH kati ya 5.5 na 6.5. Ikipanda juu ya hapo, madini ya chuma yamo ndani ya maji lakini mmea hauwezi kuyachukua. Utaona majani machanga ya juu yanageuka njano huku mishipa yake imebaki kijani. Wengi wakiona njano wanaongeza mbolea, na hapo ndipo wanapoumaliza mmea, kwa kuwa chumvi inazidi na tatizo liko palepale. Ndimu inashusha pH, lakini haichukui muda inapanda tena. Dawa ya bei rahisi niliyoiona ni maji ya mvua: nusu ya mvua, nusu ya bomba. Bati la mita za mraba 50, hata ukipoteza robo ya mvua yote, linakupa zaidi ya lita 20,000 kwa mwaka wa kawaida. Kiboksi hiki hakihitaji hata kipande cha hiyo. Madumu machache yaliyokingwa Machi na kufunikwa vizuri yanakufikisha mbali. Kipimo cha pH cha matone kinatosha, si lazima kile cha betri.

Chupa za A na B zisichanganywe zikiwa nzito. Kalisi iliyo kwenye moja inashikana na salfeti na fosfeti za nyingine, inakuwa unga mweupe unaozama chini na mmea haupati kitu. Tia A kwenye maji mengi, koroga, ndipo utie B.

Wadudu: vidukari walikuja hata sebuleni. Maji ya sabuni ya mche, hafifu, yakipulizwa chini ya majani jioni, yanawapunguza. Matundu usiyoyatumia yazibe, la sivyo unafuga mbu. Kuku wa jirani nao walikuwa wateja waaminifu.

Cha kupanda: saladi kwanza, kisha giligilani, chainizi ikivunwa changa, na mchicha, ambao unavumilia joto kuliko wote. Mrehani haukupenda usiku wa Julai. Ulidumaa mpaka Septemba. Zile mbegu za nyanya ndogo zilizokuja ndani ya boksi wapeni watoto wakapande nje. Nyanya inataka mwanga mwingi na mizizi mipana, inaziba matundu ya jirani zake, na ikiwa ndani ya nyumba inabidi uitikise maua kwa mkono ndipo ibebe.

Oktoba mbegu za saladi ziligoma kuota. Si mbegu mbovu. Saladi ina tabia ya kulala joto linapokaribia nyuzi 30, na Oktoba na Novemba hapa ndiyo hali yenyewe. Ukiisia, weka sponji mahali pa baridi ndani ya nyumba, pembeni ya mtungi wa maji au chini ya sinki, mpaka zichomoze. Zikishachomoza zipeleke kwenye mwanga siku hiyohiyo.

Sasa, ununue? Kama unaishi kwenye chumba kisicho na baraza wala dirisha la maana, na unapenda majani mabichi kuliko unavyoogopa LUKU, nunua. Kwa wengine wote, ukishaondoa taa, kilichobaki ni tangi lenye mfuniko wa matundu, na hilo unaweza kulitengeneza. Kuna mtindo wa Kratky, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Hawaii, usiotumia pampu wala umeme: unajaza ndoo maji yenye mbolea mpaka yaguse chini ya kikapu, unafunika, unaacha. Maji yanashuka kadiri mmea unavyokunywa, na mizizi ya juu iliyobaki hewani inavuta pumzi. Ndoo ya lita 20 yenye mfuniko inabeba saladi tatu mpaka kuvuna bila kuongezwa maji. Ichague ya rangi nzito, maana nyeupe inapitisha jua na maji yanaota ukijani. Mimi sasa ninazo ndoo kama hizo zimepangwa ukutani, na kiboksi cha 185,000 kimebaki kuwa kitalu cha miche, kazi kinayoifanya vizuri kuliko zote.

Sponji zikiisha usiagize nyingine: kata godoro kuukuu vipande vya sentimita mbili na nusu, pasua katikati, tia mbegu. Mbolea ndiyo itakayokusumbua. Ulizia duka la pembejeo mbolea ya haidroponiki, yaani ya kilimo cha majini bila udongo, na wakikwambia urea ni ileile usikubali. Urea inahitaji vijidudu vya udongo viigeuze ndipo mmea unufaike nayo, na kwenye ndoo ya maji matupu vijidudu hivyo ni haba.