Grand Prismatic Spring: nenda mchana, na upande kilima

Siku ya kwanza hatukuona kitu. Tulilipia safari ya basi dogo, saa mbili asubuhi tukawa tumeshafika Midway Geyser Basin, ndani ya hifadhi ya Yellowstone, Wyoming, Marekani, lilipo Grand Prismatic Spring, bwawa la maji moto lenye rangi nyingi. Baridi inauma, mvuke umefunika bwawa lote. Baada ya dakika 20 tukaitwa garini. Mamangu, aliyesafiri kutoka Mombasa, akaniuliza, "Sasa hizo rangi ziko wapi?" Iliniuma, maana nilikuwa nimemwahidi.

Kesho yake shemeji alitupeleka kwa gari lake. Kiingilio kilikuwa dola 35 kwa gari, siku 7. Tulifika saa saba mchana. Maegesho yamejaa, tukazunguka mpaka mtu akatoka. Jua likiwa juu na hewa imepata joto, mvuke hupungua, na hapo ndipo bwawa linaonekana.

Ukitembea kwenye njia ya mbao unaona ukingo kwa karibu: utando wa rangi ya machungwa, umekunjamana kama ukoko wa uji, maji membamba yakipita juu yake. Kofia mbili zilizopeperushwa na upepo zilikuwa zimelala pale, na hakuna wa kuziokota, kwa sababu ardhi ni tabaka jembamba juu ya maji yanayounguza. Mama alikaza leso yake kidevuni. Watoto washikeni mkono, tafadhali.

Utando huo ni bakteria. Katikati maji ni moto mno, hawawezi kuishi, kwa hiyo unabaki ule usamawati wa maji safi yenye kina cha zaidi ya mita 37. Kadiri yanavyopoa kuelekea pembeni, kila kundi linashika mahali pake: manjano, machungwa, kisha hudhurungi. Maji yanayochemka nilishayaona Ziwa Bogoria, Kenya, lakini si rangi kama hizi.

Ila ukiwa pale chini unaona kipande tu. Bwawa lina upana wa takriban mita 110, linazidi urefu wa uwanja wa mpira. Nendeni maegesho ya Fairy Falls, mpande njia iliyofunguliwa mwaka 2017, kama kilomita moja. Mama alipumzika mara mbili njiani. Alipofika juu alisimama kimya, kisha akasema, "Huu ndio mji, na lile pindo lake." Akaivua leso, akaitandaza kwenye uzio, akaanza kulinganisha.