Kaske ya dola 35 ya ku Birere: ilipasuka, na njo maana naisifu

Jambo bandugu. Hapa kwetu Goma velo tunaiitaka kinga, alafu ukisoma Kiswahili ya Batanzania unakuta kinga ni kitu ya kukukinga usiumie. Mi nilipanda ile kinga ya kwanza miaka kumi bila kuwaza hata siku moja juu ya ile ya pili. Leo naandika juu ya ile ya pili, kaske, ile kofia ngumu ya kukinga kichwa ku velo, juu nilishailipa mara tatu, mara ya kwanza kwa ujinga.

Ya kwanza nilinunua barabarani, dola 8, nyekundu, inang'aa, kijana mwenye kuuza ananiambia "yaya, hii njo banavalaka ku mashindano". Nafika nyumbani nafinya pembeni na kidole gumba, inaingia ndani sawa bidon ya mafuta. Nageuza, naangalia: plastike tupu na sponji nyembamba, ile ya kuoshea sahani kabisa. Bandugu, sponji haizuie kitu, sponji ni ya kufanya kaske isikukwaruze tu. Yenye kuokoa kichwa ni ile povu nyeupe ngumu, ile tunakutaka mu karton ya televizio mupya, polistireni. Ukipiga kichwa chini ile povu inafinyika, inakula nguvu ya pigo mbele ifike ku bongo, na ikishafinyika hairudie tena vile ilikuwa. Kwa hiyo kaske ya velo inafanyaka kazi yake mara moja tu kisha inakufa. Ile ya dola 8 ilikuwa imekufa toka siku ilizaliwa.

Ya pili sasa. Kuko ka butike kadogo mu Birere, karitye ya hapa Goma, siandike jina juu mama mwenyewe hapendi maneno ya intaneti, anauzisha vyombo vya velo, cheni, mipira ya hewa ya ndani ya pneu, pedali za okazyon, na ku ukuta wa nyuma alikuwa ametundika kaske tano hivi za VTT, zile velo za mulima. Akaniuliza kichwa yako ni ngapi. Ngapi namna gani mama? Akanituma kwa fundi wa nguo jirani nikaazime futi, tukapima kuzunguka kichwa, juu kidogo ya nyusi, 58. Nilijisikia sawa bwana harusi anapimiwa kositimu. Akanivalisha tatu, ya tatu njo ikakaa, nikatikisa kichwa bila kufunga mukanda na haikutembea. Ndani kuna etiketi ya CE na EN 1078, ile ni kanuni ya Ulaya ya kaske za velo, banaiangusha toka karibu metre 1 na nusu juu ya chuma waone kama kichwa ingebaki salama. Etiketi peke yake haitoshe, batu banachapaka chochote siku hizi, lakini povu ilikuwa nene, inajaa ndani yote, nyuma inashuka mpaka karibu na shingo, inashika kisogo kuliko zile za barabara ya kaburimbo. Aliomba 45, tukagombana kwa heshima, nikalipa 35. Kwa balansi ya muuza nyama ilionyesha gramu 300 na kitu, yaani unaisahau ku kichwa.

Sasa ile siku. Mulio Goma munajua 22 mai 2021 volkano ilishuka usiku mpaka Buhene ikasimama pale, ikaacha yale majiwe meusi. Sisi bapanda velo tunapendaka kupita pale juu njia iko na mashimo na mawimbi sawa ya lac, muzuri sana kwa michezo. Nilikuwa nateremuka nyuma ya chukudu, ile trotinete kubwa ya mbao ya kubebea mizigo, imepakia makala, nikaona mwenyewe anaenda polepole nikataka kumupita kushoto, guruduma ya mbele ikaingia mu mupasuko, velo ikabaki pale mi nikaendelea. Nilipiga upande wa kuume, juu ya sikio. Nilisikia "kaak" nikajua ni fuvu yangu.

Ilikuwa kaske. Mwenye chukudu akasimamisha muzigo wake wote ule, akakuja, akaniinua, akaokota kaske akageuza, povu imepasuka toka pembeni mpaka juu, akasema "Papa, kofia yako imekufa." Mi nilikuwa mzima, kichwa inauma kidogo, macho inaona muzuri, lakini nilienda kuona munganga ileile jioni, na nyie mufanye vile hata kama munajisikia sawa.

Kenye kilinimaliza ni mikono. Magan ya kuvaa ku mikono nilikuwa nimemuazimisha mudogo yangu asubuhi. Kwa majiwe ya volkano bandugu unaangukia rape, ile ya kukwangulia karoti, na mutu akianguka mikono njo inatangulia. Wiki mbili nilikula bugali na kanya, ile uma, sawa muzungu, batoto banacheka. Kwa hiyo ukiwa na dola kidogo, nunua kaske ya ukweli kwanza, kisha magan, vingine vitafuata.

Juu ya vingine: vya kukinga magoti vya dola 12 vya ileile butike sivipende. Elastike inalegea, ukipedali dakika ishirini vinashuka ku mundi, unakuwa golkiperi. Mwenye chukudu alinionyesha kipande yake ya mupira ya pneu penye anapiga goti wakati anasukuma, haitoki hata kwa mvua, nikaona haya na dola zangu.

Kaske yenyewe nayo iko na makosa. Ile kofia ya mbele ya kuzuia jua ilitoka mwezi wa kwanza, nikaifunga na nyuzi. Mashimo ya hewa ni madogo, kupanda toka Majengo saa sita unachemuka. Na saizi ya batoto hakuna, huyu mama nilimuomba mara mbili.

Kisha namna ya kuvaa, juu nawaona ku barabara. Kuna benye banaivaa nyuma ya kichwa sawa bereti ya kanisa, paji lote liko nje. Vidole viwili juu ya nyusi, haipite hapo, mikanda ifanye V chini ya sikio, ku kidevu kidole kimoja kinaingia basi. Wengine banaitundika ku gidoni, sijui wanakinga nini pale. Na benye banasema batavaa ile ya motari, sawa, haikatazwe, lakini ni nzito, inaziba masikio, ukipanda mulima nayo dakika kumi utaitoa.

Najua mutu atasema ba champion ba zamani hawakuvalaka. Ni kweli, na bengine walikufa. Andrey Kivilev wa Kazakhstan alianguka mu Paris-Nice mwezi wa tatu 2003 bila kaske, akafa kesho yake, mwaka uleule UCI, shirika ya dunia ya mashindano ya velo, ikafanya kaske kuwa lazima. Mwaka 2025 mashindano ya dunia ya velo za barabara ilikuja Kigali hapa jirani, mara ya kwanza Afrika, angalia picha kama utakuta hata kichwa moja wazi.

Nyota 4 ku 5, moja natoa juu ya ile kofia ya mbele na mashimo. Nilirudia kwa mama kununua ingine, akanipunguzia dola 3, akaomba nimuachie ile yenye ilipasuka. Ameitundika ku mulango, amegeuza ndani nje batu baone povu. Juzi nilipita nikakuta kijana anaulizia bei yake.