Uzoefu wangu: kujaza upya maganda ya Nagant kwa kalibu za Lee

Niseme mapema: kama una rivolva ya Nagant M1895 na unapenda kuipiga mara kwa mara, na kuyajaza upya maganda yaliyokwisha pigwa, nunua kalibu (vyuma vya kuliunda ganda upya na kukalisha kichwa cha risasi) za kampuni ya Lee, zile za 7.62 Nagant, yaani risasi ya bastola hiyo, pamoja na maganda ya urefu wake halisi. Mimi nimeridhika nazo kabisa. Ninaishi Marekani, ambako sheria ya serikali kuu haimdai leseni mtu anayejaza risasi za matumizi yake mwenyewe. Ndugu zangu mlioko Kenya na Tanzania, huko kutengeneza risasi bila kibali ni kosa la jinai, basi someni kwa kujua tu.

Bastola hii ina jambo ambalo rivolva nyingi hazina. Mbelgiji Léon Nagant, mtu wa Liège, aliibuni, na jeshi la Urusi likaichukua mwaka 1895. Silinda inabeba risasi 7. Ukipandisha mtambo, silinda nzima inasogea mbele na kuushika mtutu. Kichwa cha risasi kimezama chote ndani ya ganda, na mdomo wa ganda umebanwa ukawa mwembamba. Mdomo huo ndio unaoingia nyuma ya mtutu. Baruti ikiwaka, unatanuka na kuziba mwanya ambao kwenye rivolva za kawaida huvujisha gesi. Ganda lenyewe limekuwa kiungo cha bastola, na ndiyo maana nina msimamo mkali kuhusu urefu wake.

Muuzaji mmoja alinishauri nichukue maganda ya risasi nyingine, .32-20 Winchester, kwa kuwa yanapatikana kirahisi na yakibanwa yanaingia. Kuingia yanaingia. Lakini ganda la .32-20 lina urefu wa milimita 33 na kitu, wakati la Nagant linakaribia 39. Mdomo haufiki mtutuni, gesi inavuja, na ubunifu wote wa Nagant unabaki pambo. Tena kitako chake ni kinene kidogo, kwa hiyo unalilazimisha ganda kuwa kitu ambacho halikuumbwa kuwa. Wapo wanaoridhika nayo. Mimi naona ni kuidhulumu bastola.

Maganda yangu ni ya PPU, kiwanda cha risasi cha Užice, Serbia. Nilinunua risasi zao mpya, nikazipiga, nikabaki na maganda. Yana tundu moja katikati ya kitako, kwa hiyo sindano ya kalibu inaisukuma fataki (kile kikofia cha kuwasha baruti) iliyotumika ikatoka bila shida. Yale ya Kisovieti ya zamani yana matundu mawili madogo pembeni. Sindano haina pa kupita, na utaivunja bure. Hayo waachie wakusanyaji.

Kalibu ni tatu. Ya kwanza inarudisha ganda kwenye unene wake na kutoa fataki, ya pili inapanua mdomo kidogo, ya tatu inakalisha kichwa na kubana mdomo. Hii ya tatu ndiyo inayostahili sifa. Kwenye bastola nyingi unakiona kichwa cha risasi kimekaa wapi. Hapa kinazama chini ya mdomo na macho hayakusaidii sana, kwa hiyo kila kitu kinategemea kalibu iliyorekebishwa vizuri. Rekebisha polepole, kwa ganda lisilo na baruti wala fataki, ukilijaribu kwenye silinda kila baada ya mzunguko mdogo wa skrubu, huku mtutu umeuelekeza mahali salama. Nikishaipata sehemu yake nafunga nati na siigusi tena. Natumia vichwa laini vya madini ya risasi, vilivyo bapa mbele, vile vya .32 vya kulengea shabaha, na vinakaa vizuri.

Sasa jambo la hatari. Ganda hili ni refu na jembamba, na kipimo chake cha baruti ni kidogo. Ukijaza mara mbili kwa kusahau, baruti haitamwagika kukuonya kama ambavyo ingefanya kwenye ganda fupi. Mimi napanga maganda yote kwenye ubao na kumulika tochi ndani ya kila moja kabla ya kuweka kichwa. Kipimo chenyewe sikiandiki hapa: kichukue kwenye kitabu cha mtengenezaji wa baruti unayoitumia, uanzie kiwango cha chini.

Mdomo unaobanwa na kutanuka kila mara huchoka. Shaba inakuwa ngumu, halafu ufa unaanza pale pale kwenye ukingo. Ukiuona, tupa ganda hilo, hata kama kitako bado kinang'aa. Kuupasha mdomo moto kidogo, kitako kikiwa ndani ya maji, kunaongeza maisha yake.

Kama una Nagant ya kuweka ukutani, au unaipiga mara moja kwa mwaka, pakiti ya dukani inakutosha. Kalibu hizi ni za mtu anayefurahia kukaa mezani jioni na maganda yake, ganda moja baada ya jingine, kwa sababu kazi hii haina njia ya haraka.