Uzoefu wangu na reli ya Oxford–Worcester: dakika 35 pale Charlbury

Naandika haya nikiwa bado na hasira, ingawa jambo lenyewe lilitokea majira ya baridi ya mwaka juzi, na mama yangu, ambaye ndiye hasa aliyetendewa, amekwisha kulisamehe. Nimesoma maoni ya watu wengi wanaoisifu reli hii ya vijijini kati ya Oxford na Worcester, hapa Uingereza, kwa uzuri wa vilima na mashamba inayopita, nami sina ugomvi nao kuhusu vilima. Ugomvi wangu ni dakika 35 tulizokaa katika stesheni ya Charlbury, na majibu mawili aliyotupa gadi wa treni.

Mama alikuwa amekaa kwangu, karibu na mji wa Pershore, upande wa Worcester, kwa miezi mitatu, na siku hiyo alikuwa anarudi nyumbani Tanga. Mpango wetu ulikuwa rahisi: treni mpaka Oxford, kisha basi la kwenda uwanja wa ndege wa Heathrow, na nilikuwa nimeacha nafasi niliyodhani inatosha kati ya kimoja na kingine. Ni lazima nieleze kwamba mama ni mjane wa stesheni masta. Sehemu kubwa ya ndoa yake aliishi katika nyumba za reli za njia ya Tanga, Korogwe na Mombo na stesheni nyingine ndogo zaidi, na anaijua kazi ya treni kama wengine wanavyoijua kazi ya shamba. Kwa hiyo tulipofika Pershore asubuhi ile, jambo la kwanza aliloniuliza ni wanaokwenda upande wa pili wanapandia wapi. Nikamwambia wanapandia hapo hapo, kwa kuwa stesheni ina jukwaa moja tu na reli ni moja. Akatazama ule uwanda mpana, unaotosha kabisa reli mbili, akasema, "Hapa palikuwa na nyingine, wameing'oa."

Ni kweli, waliing'oa. Reli hii ilijengwa miaka ya 1850 na kampuni ambayo watu wa wakati ule walizigeuza herufi za jina lake, O, W na W, zikawa jina la utani lenye maana ya kwamba kila siku inazidi kuwa mbovu. Hata hivyo iliishi na njia mbili kwa zaidi ya miaka mia moja, mpaka mwaka 1971, shirika la reli la taifa lilipoondoa njia ya pili katika sehemu kubwa ya safari ili kupunguza gharama. Mwaka 1978 abiria walianzisha chama chao cha kuitetea. Njia ya pili haikurudi mpaka mwaka 2011, nayo ilirudi kwa vipande viwili, kutoka Charlbury hadi Ascott-under-Wychwood na kutoka Moreton-in-Marsh hadi Evesham, jumla ya takriban maili 20, kwa gharama iliyotajwa kuwa karibu pauni milioni 67. Ukivitazama vipande hivyo pamoja na sehemu ya katikati ambayo haikuwahi kung'olewa, unapata njia mbili mfululizo kutoka Evesham hadi Charlbury. Huku na huku zimebaki ncha za njia moja: moja upande wa Worcester, ambako Pershore imo, na nyingine kati ya Charlbury na Oxford. Ni kibuyu chenye tumbo kubwa na shingo mbili.

Nitasema haki kuhusu tumbo hilo, maana lilinifurahisha siku ile ile iliyoniumiza. Tulipopita Evesham treni ilibadilika mwendo, ikawa inakwenda kama inayojua inakokwenda. Pale Honeybourne, ambako kwa miaka mingi abiria wote walitumia jukwaa moja, sasa kuna majukwaa mawili, na mama alisogea dirishani kuitazama kokoto na ile reli ya pembeni. Mara treni iliyotoka upande wa Oxford ikatupita kwa kishindo bila sisi kupunguza mwendo hata kidogo, naye akacheka kwa furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu alipofika. "Kwetu hapa tungesimama," aliniambia, "na baba yako angekuwa nje na bendera yake." Kama safari ingeishia hapo, ningeandika sifa tupu, na wale walioidai njia hiyo kwa miaka zaidi ya 30 wanastahili sifa hizo.

Safari haikuishia hapo. Charlbury tulifika kwa wakati. Kuna jengo la mbao pale, la tangu reli ilipofunguliwa mwaka 1853, zuri kulitazama, nami nililitazama mpaka nikalichoka. Milango ilifunguliwa, baridi ikaingia, milango ikaachwa wazi. Zikapita dakika 5, zikapita 10. Hakuna tangazo lililotolewa kwenye spika wala kwenye kibao. Abiria wengine walizama katika simu zao kama watu waliokwisha kuzoea kutoambiwa kitu. Nilipoona zimefika 15 nikashuka jukwaani, nikamkuta gadi amesimama karibu na mlango wake, nikamuuliza kwa adabu zote nilizolelewa nazo tunasubiri nini na kwa muda gani. Hakuinua macho. Alinijibu, "Tutaondoka tutakapoondoka." Nikamweleza kwamba nina mama mzee mwenye ndege ya kuwahi, na kwamba nikijua muda nitaweza kutafuta teksi hapo hapo. Akasema, "Basi ungempeleka kwa gari tangu mwanzo," akaingia ndani.

Nilirudi kwenye kiti changu nikiwa natetemeka. Mama, ambaye Kiingereza chake ni kidogo, aliniuliza yule bwana amesema nini, nami nikamdanganya, nikasema amesema ni muda mfupi tu. Sijui kama aliniamini. Alielekeza kidole mbele, mahali ambapo reli mbili zinakutana na kuwa moja, akasema kwa utulivu, "Signali imefungwa, mwanangu. Kuna mwenzetu yuko kwenye njia, anakuja huku, na amechelewa. Hatuwezi kuingia mpaka atoke. Huyu kijana angesema hivyo tu, watu wangetulia." Kisha akanieleza jinsi marehemu baba, treni ya kupishana ilipochelewa usiku, alivyokuwa akitoka na taa yake na kupita dirisha hadi dirisha, akiwaambia abiria treni wanayoisubiri imeondoka stesheni gani na itafika lini, na wale waliolala aliwaambia waliokaa nao wawaamshe ili wasije wakashtuka.

Mama alikuwa amesema kweli tupu. Dakika 35 baada ya sisi kufika, treni kutoka Oxford ilijitokeza, ikasimama kwenye jukwaa la pili, na signali yetu ikafunguka. Mwanamke wa miaka 70 na ushei, aliyekuwa mara yake ya kwanza kupita njia ile kuelekea huko, alitambua kwa macho yake kile ambacho mtu anayelipwa mshahara alikataa kukitamka.

Basi la uwanja wa ndege lilikuwa limekwisha kuondoka. Tulichukua teksi kutoka Oxford kwa fedha ambazo sikuwa nimezipanga, tukafika wakati kaunta inakaribia kufungwa, mama akachukuliwa kwa kiti cha magurudumu na kukimbizwa ndani. Nilikuwa nimejiandaa kukaa naye saa nzima, tunywe chai, anipe maneno yake ya kuniaga kama kawaida yake. Nilimshika mkono tu. Hilo ndilo ninalolidai, wala si fedha za teksi.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiifikiria ile kazi ya mwaka 2011, na hukumu yangu hubadilika kila ninapoifikiria. Kuna siku naona ni fedha zilizotupwa, kwa sababu treni moja ikichelewa kwenye shingo ya Oxford, maili zote zile za njia mbili hazimsaidii abiria aliyekwama mlangoni. Kisha jirani yangu, aliyepanda treni hizi kabla ya 2011, hunikumbusha kwamba wakati ule kungoja kulitokea mahali pengi zaidi, na kwamba ucheleweshaji wa treni moja uliweza kuiburuta treni ya pili na ya tatu mpaka jioni. Namwamini. Bila njia ile ya pili huenda tungesimama mara mbili au tatu, na mama angeikosa ndege kabisa. Kwa hiyo nafuta neno "zilizotupwa". Hazikutupwa, ila zilikomea njiani.

Lakini kinachonirudisha kwenye hasira ni kwamba mwaka 2020 ilifunguliwa stesheni mpya ya Worcestershire Parkway, pale reli hii inapokatana na ile ya Birmingham na Bristol, na kwa upande wa reli hii iliwekewa jukwaa moja, kwenye njia ile ile moja. Waliongeza mahali pa kusimama ndani ya shingo bila kuipanua shingo. Halmashauri za kaunti zinazohusika zimekuwa zikiomba njia ya pili irudishwe kati ya Evesham na Pershore, na upande wa Oxford kati ya Hanborough na Wolvercote. Hakuna jambo la ajabu wanaloliomba. Uwanda upo, na mama yangu aliuona kwa kutupa jicho mara moja.

Nililalamika kwa maandishi. Nilirudishiwa sehemu ya nauli haraka, hilo nalikubali, pamoja na barua iliyozungumzia ucheleweshaji peke yake. Kuhusu gadi na maneno yake hapakuwa na sentensi hata moja. Niliandika tena, nikapelekewa barua ile ile.

Nilikuwa nimeweka nyota moja. Nimeiondoa, naweka tatu, kwa ajili ya Honeybourne na kwa ajili ya kile kicheko cha mama treni ilipotupita. Kwa aliye na safari ya kawaida, asiyesubiriwa na mtu wala ndege, nasema apande, atafurahi. Kwa mwenye ndege nilikuwa nimeandika kwamba asithubutu, na sasa, baada ya kuyasoma tena niliyoyaandika hapo juu, naliacha neno hilo kama lilivyokuwa.

Mama anakuja tena mwaka huu, inshallah, na ameshasema hataki kupelekwa uwanjani kwa gari, anataka treni. Nimemwambia tutapanda, ila tutapanda ile inayotangulia kwa saa tatu.