Mashine ya karanga ya mkono inasaga pia mahindi matamu, ukijua kuilegeza

Mahindi matamu yaliyopandwa siku moja hukomaa kwa pamoja. Bustani ya nyuma ya nyumba pale Cheyo au Isevya, mjini Tabora, iliyopandwa mvua za Novemba zilipoanza, ikifika Februari inatoa mahindi ambayo familia haiwezi kuyamaliza kwa kuchemsha na kuchoma. Nayo hayasubiri: sukari yake huanza kugeuka wanga mara tu hindi linapovunjwa, na joto la Tabora linaharakisha.

Kwa mzigo huo, ukitaka kuusaga upike mkate wa mahindi wa mvuke, mashine ya mkono ya kusagia karanga, ile ya chuma kizito inayobana ukingoni mwa meza, inashinda blenda. Blenda haisagi vizuri mpaka uiongezee maji, maji nayo yanadai unga, mwishowe unakula mkate wa unga wenye harufu ya mahindi. Mashine hii haidai maji wala umeme.

Ila si kila hindi linaifaa. Punje changa, zile ukizibonyeza kwa ukucha zinarusha maji meupe mepesi, parafujo ya ndani inazikamua tu: maziwa yanatangulia kutoka, ngozi zinabaki zimejibana kati ya sahani mbili za kusagia, mpini unagoma. Hayo chemsha ule. Ya kusaga ni yaliyopita kidogo, ndevu zimekauka kabisa, na ukibonyeza kinatoka kitu kizito kama uji.

Kata punje kwa kisu kikali bila kufika kwenye gunzi, kisha kwangua gunzi kwa mgongo wa kisu upate kiini kilichobaki. Mahindi 10 ya wastani hutoa karibu kilo 1. Saga mara mbili. Mara ya kwanza legeza skrubu ya kukazia, punje zipasuke tu. Mara ya pili kaza mpaka usikie sahani zinagusana, halafu rudisha robo mzunguko. Hapa ndipo wengi wanaharibu: wanakaza kwa nguvu wapate ulaini, chuma kinasuguana na chuma, na kwenye uji wa manjano inaonekana michirizi ya kijivu. Uji huo umwage. Maziwa mengine huchuruzika nyuma, pale mpini unapoingilia, basi weka bakuli chini na uyarudishe, maana utamu mwingi umo humo.

Mahindi matamu yana wanga kidogo kuliko mahindi ya ugali, kwa hiyo uji wake peke yake haugandi vizuri. Kwa kilo 1 tia unga wa mahindi gramu 200 hadi 250, mafuta vijiko 3 vya chakula, chumvi kijiko 1 cha chai, iliki, na asali vijiko 2 ukipenda. Chota kwa kijiko: ukidondoka kwa mabonge uko tayari, ukichuruzika ongeza unga. Funga kwenye maganda ya ndani, yale mapana na laini. Panga magunzi chini ya sufuria, maji yasiyafunike, simamisha vifurushi juu yake, funika, na pika kwa mvuke dakika 50. Acha vipoe ndipo ufungue. Vikiwa vya moto vinashika ganda.

Dukani, zungusha mpini mashine ikiwa tupu. Sahani ikiyumba, achana nayo, itasaga upande mmoja tu. Kwangua koo la ndani kwa ukucha: rangi ya fedha inayobanduka itaishia kwenye chakula. Pima pia unene wa meza yako, kwani kibanio cha nyingi hakifunguki sana. Kipande cha tyubu ya baiskeli katikati kinazuia kuteleza. Kabla ya kuitumia, saga kikombe cha mchele mkavu na uutupe, utoke na mafuta ya kiwandani.

Usafi ndio unaochosha. Fungua vipande vyote siku hiyohiyo, piga sahani kwa brashi, anika juani, paka mafuta ya kupikia. Usiirudishe kwenye karanga ikiwa na unyevu: mabaki mabichi yanaota ukungu, na karanga ni miongoni mwa mazao yanayoshikwa zaidi na sumukuvu. Nyumba inayosaga karanga kila wiki ni bora inunue seti ya pili ya sahani kwa ajili ya mahindi.